“Nina miaka 23 na nataka kupiga chelo kwenye okestra ya Baroko. Nimechelewa?”

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, nipo Zanzibar. Chelo nilianza nikiwa na 15 kwenye kikundi cha taarab, baadae nikapata mwalimu wa noti, na mwaka jana nimepasi gredi 8. Toka nilivoona video za okestra za Baroko, wale wanaopiga chelo bila ule mguu wa chuma unaoisimamisha sakafuni, sina raha, nataka kufanya kile. Ila mwalimu mmoja kaniambia nimeshachelewa, na mwingine kasema huko wanaenda walioshindwa kwenye okestra za kawaida. Nina akiba ya kama milioni 3, nawaza ninunue kwanza chelo ya Baroko. Saivi najifunza Suti zote 6 za Bach, zile tungo zake za chelo tupu, peke yangu. Je nikienda kusoma Ulaya kuna ajira kweli? Na nikipiga bila mguu wa chuma gumba la kushoto linakufa ganzi, hiyo ni kawaida?*

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa pamoja na nimeyasoma mara mbili tatu, na naona chini yake kuna woga mmoja: usije ukamaliza ujana wako na hiyo milioni 3 kufukuzia kitu ambacho hakitakulisha. Ni woga wa maana, sitaupuuza. Mimi naishi kwa chelo ya Baroko, yani ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, kwa muziki wa Ulaya wa miaka ya 1600 mpaka 1750 hivi, zaidi ya miaka 20 sasa, huku Uholanzi, na kila Januari bado naifungua akaunti yangu kwa wasiwasi, kwahiyo ntakujibu kama ambavyo ningependa mtu angenijibu mimi nilipokuwa na umri wako.

Naanza na gumba, kwasababu hayo mengine yanaweza kusubiri na hili haliwezi. Hapana, sio kawaida. Ganzi maana yake kuna kitu kinabanwa. Kinachotokea ni hivi: ukiondoa mguu wa chuma chelo inakosa pa kusimama, inaanza kuteleza taratibu kwenda chini, na wewe bila kujijua unaidaka kwa mkono wa kushoto, yani gumba linageuka ndoano ya kuning'inizia chelo nzima, alafu hapohapo unalitaka lihame kutoka pozisheni moja kwenda nyingine na liwe laini. Haliwezi. Chelo ya Baroko inakaa kwenye mashavu ya miguu, na mkono wa kushoto hauibebi hata kidogo. Jaribu hivi: kaa ukingoni mwa kiti, nyayo zote mbili chini, weka chelo, alafu shusha kabisa mkono wa kushoto upige nyuzi tupu dakika mbili nzima. Kama chelo inashuka basi ugonjwa uko kwenye mkao, gumba linaumia tu kwa niaba. Wapo wanaoweka kijibao au stuli fupi chini ya chelo na hakuna dhambi, ukiangalia michoro ya karne ya 17 na 18 utakuta kila aina ya mkao, mpaka walioegesha chelo sakafuni moja kwa moja, kwahiyo mtu asikwambie kuna mkao mmoja tu wa kihistoria. Mguu wa chuma wenyewe umekuja kuzoeleka karne ya 19, na anayetajwa sana kwa kuusambaza ni Servais, Mbelgiji.

Kwahiyo wiki mbili hizi rudi kwenye mguu wa chuma. Ganzi ikiendelea hata baada ya kuweka chini upinde, ule ufito wenye nywele wa kupigia, au ikikuamsha usiku, au ukiona kikombe cha chai kinakutoka mkononi, hapo usitafute video, nenda hospitali yenye mtu wa fiziotherapia, na ubebe chelo akuone ukiwa unapiga. Nina wenzangu wawili waliopoteza mwaka mzima kila mmoja kwa kujikaza.

Sasa la kuchelewa. Mwalimu wako kachanganya vitu viwili. Kuchelewa kwa chelo ni kitu kimoja, kuchelewa kwa Baroko ni kingine. Kwa Baroko hujachelewa, karibu hakuna anayeanza nayo utotoni, watu wengi wanaifikia wakiwa na 20 na kitu baada ya kusoma chelo ya kawaida, ndo maana sehemu nyingi inafundishwa ngazi ya masta. Ila kwa chelo yenyewe lazima nikwambie ukweli hata kama utauma: gredi 8, ile ya juu kabisa kwenye mitihani ya gredi za muziki, ni mlango wa kuanzia digrii ya kwanza, sio wa masta. Kati ya mtu wa gredi 8 na mtu anayekaa odisheni ya masta kuna kama miaka minne ya kupiga saa nne tano kwa siku mbele ya mwalimu anayekusahihisha mkono. Hiyo miaka hairukwi kwa kuhamia Baroko, manake nyuzi za Baroko ni za utumbo wa mnyama na hazifichi kitu, ukikosea upinde kwenye uzi wa chuma unaweza ukasalimika, kwenye utumbo uzi unalia ukumbi mzima unasikia.

Na hili la walioshindwa. Ngoja nikupe majina uende nayo kwa huyo mwalimu, kwa heshima. Anner Bylsma, Mholanzi, ambae kwangu mimi ndiye aliyeifundisha dunia kusikia chelo hii upya, alishinda shindano la chelo la Casals huko Mexico mwaka 1959, akawa kiongozi wa chelo kwenye okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam toka 1962 mpaka 1968. Kiti kile ndo ndoto ya kila mpigaji chelo, na alikiacha kwa hiari yake. Nikolaus Harnoncourt alikuwa mpigaji chelo wa Wiener Symphoniker, okestra ya kisasa ya Vienna, toka 1952 mpaka 1969, na Concentus Musicus Wien, kikundi cha vyombo vya kale, aliianzisha 1953, yani miaka 16 alikuwa anakula kwa chelo ya kisasa huku anaitafuta ile ya zamani kwa muda wake mwenyewe. Hidemi Suzuki alitoka Japani akaenda Den Haag, Uholanzi, kusoma kwa Bylsma, akapiga kwenye Okestra ya Karne ya 18 ya Frans Brüggen, alafu kwa miaka mingi akawa mpigaji chelo wa Bach Collegium Japan, okestra na kwaya ya vyombo vya kale, ambayo kaka yake Masaaki aliianzisha 1990. Hawa hawakushindwa popote. Na huyo Suzuki namtaja makusudi, kwasababu najua kuna swali hukuliandika, kama mtu wa kwetu ana nafasi kwenye muziki wa makanisa na majumba ya wafalme wa Ulaya. Nafasi ipo. Mara nyingi utajikuta peke yako chumbani, hilo sikufichi, ila hamna mtu aliyezaliwa akijua kupiga besi ya Corelli, mtunzi Mwitalia wa enzi za Baroko, Mholanzi nae anaanza sifuri.

Hapa sasa ndo nataka ukae unisikilize vizuri, manake kwenye swali lako lote kuna neno moja limenishtua kuliko hata gumba, nalo ni hizo Suti 6 unazojifunza peke yako. Nazipenda, sisemi uziache. Ila kazi ya chelo kwenye okestra ya Baroko sio Suti za Bach. Kazi ni besi. Kati ya saa mia utakazokaa kwenye hicho kiti, labda tisini na tano utakuwa unapiga mstari wa chini, pamoja na hapsikodi, kile kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake zinadonolewa, au ogani, pengine na tiorbo, ile ndugu ya udi yenye shingo ndefu, na kazi yenu kwa pamoja inaitwa kontinuo. Okestra nyingi hizi hata hazina kondakta wa kusimama na kijiti, anaongoza mpiga fidla wa kwanza au mtu wa hapsikodi, na wanaoshika kasi, wanaosema hapa tunapumua, hapa sentensi imeisha, hapa giza linaingia, ni nyie wa chini. Mwimbaji anakuegemea. Akiona besi inayumba nae anayumba.

Mimi nililijifunza hili kwa kuumia. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa Mateso ya Mathayo ya Bach, ile habari ya mateso ya Yesu inayoimbwa, msimu wa Kwaresma, nikaingia na sauti nene nzuri niliyokuwa najivunia, na kila noti ndefu nikaipiga ndefu na vibrato, ule mtikisiko wa kidole, juu yake. Sehemu za Mwinjilisti, ambapo mwimbaji anasimulia karibu kama anaongea na nyuma yake kuna kontinuo peke yake, skoa, yani karatasi kuu yenye sehemu za wote, imeandika noti ndefu, ila karatasi za wapigaji za wakati uleule wa Bach zimeandika fupi, yani unagusa, unaacha, unampisha mtu aongee. Mimi nilikuwa namfunika. Siku ya pili kiongozi wa chelo aliniambia taratibu, “unapiga vizuri, lakini humsikilizi anasema nini.” Okestra ile haikuniita tena kwa miaka miwili. Nikaenda kujifunza Kijerumani, na nikaanza kusoma maneno ya kila aria, yani wimbo wa mwimbaji mmoja, kabla sijagusa upinde.

Kitu gani kinamfanya mtu awe mzuri kwenye besi? Kwanza kujua uko wapi kwenye kodi, yani zile noti zinazolia pamoja kwa mpigo mmoja. Juu au chini ya noti zako mtunzi anaweka vinamba, na wapigaji chelo wengi vijana wanaona hiyo ni shughuli ya mtu wa hapsikodi. Sio kweli. Namba 6 inakwambia wewe hujashika mzizi wa kodi, noti yake ya msingi, kwahiyo usikae kwa uzito kama uko nyumbani. Namba 4 ikifuatiwa na 3 inakwambia juu yako kuna noti inayokwaruza ambayo itatulia, unaegemea mwanzo, alafu unaachia. Na ukiona 2, hapo ni wewe mwenyewe ndo unakwaruza, noti yako inaumana na walio juu yako na ni lazima ishuke, na ukipiga hapo kama noti ya kawaida umemuibia msikilizaji kitu alichokuja kukisikia. Kwahiyo tafuta kinanda, hata kibovu cha kanisani au cha shule, ujifunze kusoma hizi namba kwa vidole. Huu ni ushauri ambao hauna gharama, na kwenye odisheni unakutofautisha na watu kumi wenye vidole vya kasi kuliko vyako.

Pili ni upinde. Upinde wa kisasa, ule uliotulia kwenye umbo lake mwishoni mwa karne ya 18 kwa kazi ya François Tourte wa Paris, umejipinda kuelekea kwenye nywele, unaweza kushika noti kwa nguvu ileile toka mwanzo mpaka ncha. Upinde wa Baroko mgongo wake umebinukia nje na ncha yake ni nyepesi, kwahiyo noti inazaliwa, inajaa, inafifia yenyewe, na kuvuta kushuka ni kuzito kuliko kusukuma kupanda. Wengi wanafikiri huo ni udhaifu wa chombo cha zamani. Hapana, umetengenezwa uongee. Wewe lugha yako inakusaidia hapa: sema “karibu nyumbani”, sikia uzito unavokaa kwenye *ri* na kwenye *mba* na silabi za pembeni zinavokuwa nyepesi. Ukitamka zote sawasawa unakuwa kama mashine. Besi ya Baroko iko hivohivo, kuna silabi nzito na nyepesi, na upinde umeshakufanyia nusu ya kazi kama hutapigana nao.

Tatu ni masikio, na hapa nina habari njema kwako. Piano ya kawaida imegawanywa nusutoni, yani hatua za kibao mpaka kibao, zote sawa, senti 100 kila moja (senti hapa ni kipimo cha umbali wa sauti), na matokeo yake tatu kubwa ya piano, ule umbali wa do mpaka mi, imepanda karibu senti 14 kuliko ile safi ya asili. Hapsikodi za Baroko zinatyuniwa kwa namna nyingine, tatu nyingi zinakaa chini zaidi na tamu zaidi, na mpigaji chelo inabidi azifuate. Wanafunzi wangu waliokulia kwenye piano wanateseka miezi kusikia tofauti hii. Wewe umekulia kwenye taarab, umekaa katikati ya fidla, kanuni na udi ukipiga rasti na bayati, zile ngazi za sauti za Kiarabu, sauti ambazo kwenye piano hazipo kabisa zinaangukia katikati ya vibao. Sikio lako limeshafunguliwa. Na chelo ya taarab nayo inakaa chini na kumbeba mwimbaji, akivuta neno mnamsubiri, akikimbia mnakimbia nae. Tafadhali usije ukaenda Ulaya ukaficha hiyo historia kwenye CV yako kama kitu cha aibu. Iweke juu kabisa.

Twende kwenye milioni 3. Usinunue chelo. Kwanza hiyo hela haikupi chelo ya Baroko ya maana, itakupa kitu chenye umbo lake tu. Pili vyuo vingi vyenye idara hii vina vyombo vya kuazima wanafunzi. Tatu, kinachobadilisha upigaji wako ni upinde na nyuzi, chombo kinafuata. Upinde wa Baroko wa kujifunzia unaupata kwa mamia machache ya euro, na huo hata ukiuweka kwenye chelo yako ya sasa utaanza kukufundisha siku hiyohiyo. Alafu nyuzi: wengi tunaweka utumbo mtupu kwenye nyuzi mbili za juu, A na D, na utumbo uliozungushiwa waya kwenye mbili za chini, G na C. Huo waya una historia nzuri, inadhaniwa ulianza kutumika Bologna, Italia, karibu na miaka ya 1660, kabla yake ili upate sauti ya chini ilibidi uzi uwe mnene sana na chombo kiwe kikubwa, walipozungushia waya uzi ukawa mwembamba, chombo kikapungua ukubwa, vidole vikapata kasi, na haikupita muda mrefu, mwaka 1689 Domenico Gabrielli, mtu wa Bologna hiyohiyo, akaandika tungo zake za chelo peke yake, zinaitwa ricercari. Yani solo zote tunazozipenda zimeanzia kwenye kipande cha waya.

Seti ya nyuzi za utumbo inazidi euro 100 na haidumu kama za chuma, na unyevu wa Zanzibar hautakuwa rafiki yako, uzi unanyonya maji, unakataa kukaa kwenye tyuni, unaota vinywele. Hivyo vinywele usivivute, vikate kwa kikatia kucha, na pitisha mafuta kidogo ya lozi kwenye zile nyuzi za utumbo mtupu, kidogo sana, mbali na pale upinde unapopita. Nyuzi hizi ni nene kuliko za chuma, kwahiyo vijifereji kwenye daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, na kule juu ya shingo vinahitaji kupanuliwa, na hiyo kazi usiifanye na kisu cha jikoni. Mpe fundi wa fidla anayejua, hata kama itabidi usubiri mpaka upate safari ya Nairobi. Ukishaziweka shusha tyuni mpaka A ya 415, yani noti A itikisike mara 415 kwa sekunde, ni nusutoni chini ya 440 ya kawaida. Ujue tu kwamba 415 ni makubaliano ya sisi wa leo ili tuweze kupiga pamoja, zamani kila mji ulikuwa na kimo chake, opera ya Paris ilikuwa chini zaidi, karibu 392, na ogani nyingi za makanisa ya Ujerumani zilikuwa juu sana.

Kusoma wapi? Den Haag kuna Koninklijk Conservatorium, kule alikofundisha Bylsma, na wana digrii ya kwanza ya muziki wa kale, sio masta tu. Basel kuna Schola Cantorum Basiliensis toka 1933, ni sehemu ya ajabu, ila maisha ya Uswisi ni ghali mno. Bremen nako kuna idara nzuri na ada yake ni ndogo. Freiburg na Trossingen ziko kwenye jimbo la Baden-Württemberg ambalo linawatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa semesta. New York kuna Juilliard, programu yao ya muziki wa kihistoria ilianza 2009, ila hiyo ni baada ya digrii. Na kabla hujafika kwenye ada kuna viza: Ujerumani kwa mfano, mwaka 2024 walikuwa wanataka uonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti maalum kwa mwaka mmoja wa kuishi. Milioni 3 zako hapo ni kama mwezi mmoja. Sikwambii ili ukate tamaa, nakwambia ili usipande ndege bila ufadhili mkononi, nimeona vijana wamefika huku kwa hela ya kukopa ya ukoo mzima, muhula wa pili wanaosha vyombo usiku na asubuhi mikono haina nguvu ya kushika upinde.

Na ajira. Ukimaanisha barua ya ajira, mshahara mwisho wa mwezi na pensheni, jibu la haki ni kwamba karibu hakuna. Okestra za Baroko nyingi hata zile kubwa, Orchestra of the Age of Enlightenment ya London iliyoanzishwa 1986 na wapigaji wenyewe, Freiburger Barockorchester ya 1987, zinaendeshwa na wanamuziki na malipo ni kwa kazi uliyopiga. Ni udeiwaka, wa heshima na wenye furaha nyingi, lakini udeiwaka. Alafu hesabu ya viti: okestra ya kisasa inaweza kuwa na wapigaji chelo kumi au kumi na mbili. Quantz, mpiga filimbi Mjerumani wa wakati ule, kwenye kitabu chake cha 1752, anasema fidla 4 zinatosha chelo 1, fidla 8 chelo 2, fidla 12 chelo 4. Mpaka leo tunafuata hesabu za namna hiyo, kwahiyo okestra nyingi ni chelo mbili tatu, na waliokaa hapo wanakaa muda mrefu.

Unaingiaje basi? Mara chache kwa odisheni ya kupiga nyuma ya pazia kama okestra za kisasa. Kwa kawaida mtu kaumwa, kiongozi wa chelo anauliza nani yupo karibu, jina lako linatajwa na mpiga hapsikodi uliyesoma nae, unaenda mara moja, na wanakuangalia: ulifika na noti umeshazisoma? ulimsikiliza mwimbaji? ulibadilisha upinde wako ufanane na wa kiongozi bila kuambiwa? Ukifaulu unaingia kwenye orodha, mwanzoni mtu wa nne kupigiwa simu, baadae wa pili. Ndo maana okestra za vijana ni muhimu kuliko cheti chenyewe. Ulaya kulikuwa na European Union Baroque Orchestra toka 1985 iliyowalea wengi wa rika langu, na Saintes Ufaransa kuna okestra ya vijana ya pale Abbaye aux Dames inayopiga vyombo vya kale. Nyingi zina kikomo cha umri karibu na 30, na hapo ndipo saa yako inapogonga kweli, sio kwenye kuanza.

Mwaka wetu una misimu kama ya kilimo. Desemba kila mtu Uingereza na Marekani anataka Messiah ya Handel, na kabla ya Pasaka Uholanzi nzima inapiga Mateso ya Mathayo, usiku kwa usiku, miji mpaka vijiji. Katikati kuna miezi mikavu. Kwahiyo wengi wetu tunafundisha, wengine tunashika chelo ya kisasa mkono wa pili, na wajanja wanajifunza viola da gamba kabisa, chombo kingine cha zamani cha upinde kinachopigwa katikati ya miguu, manake Mateso ya Mathayo yana “Komm, süßes Kreuz” na Mateso ya Yohana yana “Es ist vollbracht”, nyimbo zote mbili zinataka gamba ya solo, na okestra inapenda mtu mmoja anayeweza vyote. Christophe Coin, Mfaransa, alipita njia hiyohiyo, chelo alisoma kwa Harnoncourt, gamba kwa Jordi Savall. Ukifika huku, anza gamba mwaka wa kwanza.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Nisingeacha chelo ya kisasa, ningetafuta mwalimu imara wa kuniweka mkono sawa kwa ajili ya digrii ya kwanza, hata kama ni kwa kusafiri Dar au Nairobi mara moja kwa mwezi, kwasababu mkao na gumba haviponi kwa simu. Ningetenga hela ya upinde na seti moja ya nyuzi, iliyobaki ningeiacha benki kwa ajili ya viza na nauli, na kumbuka chelo kwenye ndege inataka siti yake. Kwenye Suti ningebaki na ya kwanza na ya tatu tu. Ya tano iache kwa sasa, Bach ameiandika uzi wa juu ukishushwa mpaka G, na ya sita aliiandikia chombo cha nyuzi tano, haya yatakuja kwa wakati wake.

Badala yake chukua sonata za fidla za Corelli, Opus 5, zilizochapwa Roma mwaka 1700, zipo bure IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni, na vinamba vyake vyote, upige besi yake, sonata moja kwa wiki, kwanza ukiimba mstari wa fidla kwa mdomo huku mkono unapiga wa chini. Ukiweza mtafute mwenzako wa fidla kwenye kikundi chenu cha taarab akupigie huo wa juu, mwambie avute pale anapojisikia, na wewe usimwache hata mara moja. Ukifikisha sonata tano hivi rekodi mbili, picha ionyeshe mkono wa kushoto na miguu, uwaandikie walimu wawili watatu wa vyuo nilivyotaja uombe somo moja la kutathminiwa, wengi wanakubali hata kwa video kwa mara ya kwanza. Kwenye barua useme umetoka taarab, na useme unatafuta kujifunza kontinuo.